Mbuzi, Kondoo na Irabu za Kiingereza: Jinsi Shairi la Kuchekesha Linavyofundisha Kuzungumza

Jijini Dar es Salaam si ajabu kumkuta mhitimu wa kidato cha nne, au hata wa chuo, anayeweza kuandika barua ya Kiingereza isiyo na doa, lakini akitakiwa kuzungumza na mgeni kwenye kaunta ya hoteli au mbele ya jopo la usaili hubaki na kile ambacho watu hukiita kwa mzaha Kiingereza cha kuombea maji. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba hana msamiati wa kutosha au sarufi imemshinda, na dawa anayopewa ni kukariri maneno zaidi na kurudia nyakati za vitenzi. Maelezo hayo yana ukweli wake. Hata hivyo, hayatuambii kwa nini mtu huyo huyo, akisema sentensi iliyo sahihi kabisa kisarufi, humwona msikilizaji wake akikunja uso na kumwomba arudie. Mara nyingi kilichomkwamisha ni irabu iliyotamkwa mahali pa irabu nyingine, au uzito uliowekwa kwenye silabi ambayo Mwingereza huipitia haraka bila kuitilia maanani.

Walimu wa lugha wamekuwa wakitumia mashairi mafupi ya kuchekesha yenye vina kuwazoesha wanafunzi kuzungumza, na sababu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba wanafunzi hupenda kucheka. Sababu hiyo naiona nyepesi mno, kwa kuwa vitu vya kuchekesha viko vingi na vingi kati yake havimfundishi mtu kutamka lolote. Nguvu ya shairi la aina hii iko kwingine: vina vyake hukagua irabu, mapigo yake hukagua mkazo, na utani wake hukagua kama msemaji ameelewa ni neno gani katika mstari lilistahili kusikika kuliko mengine. Shairi linakuwa mwamuzi aliyemo ndani ya zoezi lenyewe, asiyesubiri mwalimu aje kusahihisha. Kwa sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili, mwamuzi huyo ana kanuni za kigeni, kwa sababu kina cha Kiingereza si kina chetu na mizani yake si mizani yetu.

Tuanze na kina. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuja kuwa Meya wa Dar es Salaam, alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamefundishwa kanuni za jadi hiyo ya utunzi, kwamba shairi lina vina na mizani. Kina katika jadi hiyo ni silabi ya mwisho ya kipande. Maneno "pita", "kata", "leta" na "futa" yote yanabeba kina kimoja, "ta", na irabu iliyotangulia silabi hiyo haiulizwi. Sasa tazama mahali mkazo wa Kiswahili unapokaa: kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani kwenye irabu ile ile ambayo kanuni ya kina haiulizi. Kiingereza hufanya kinyume. Kina chake huanza kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, kiasi kwamba irabu hiyo ikibadilika kidogo tu, kina kimevunjika hata kama kila kinachofuata kimebaki vile vile.

Mfano uko kwenye kila duka la nguo la Kariakoo. Waingereza husema "shirt" na "skirt", na maneno hayo mawili ni vina kamili kwa sababu irabu yao ni moja. Sisi tulipoyachukua tulipata shati na sketi. Irabu ile ya Kiingereza haimo katika Kiswahili, kwa hiyo katika neno moja iliangukia kwenye "a" na katika jingine ikaangukia kwenye "e", kama ilivyoangukia kwenye "e" pia katika neno nesi. Jambo la kushangaza ni kwamba sikio letu halikulalamika: kwa kanuni zetu shati na sketi bado zina kina kimoja cha "ti", na malenga yeyote anaweza kuzipanga mwisho wa mishororo bila kukosolewa. Tofauti ya "a" na "e" imepita bila mtu kuiona. Sikio lililozoezwa hivyo halina upungufu wowote katika Kiswahili, lakini likipelekwa kwenye Kiingereza linalala usingizi mahali ambapo lilipaswa kuwa macho.

Ukubwa wa kazi unaonekana katika hesabu. Kiswahili kina irabu 5. Maelezo ya kawaida ya matamshi sanifu ya Uingereza huhesabu sauti za irabu 20, zikiwemo 12 za sauti moja na 8 zinazoanza kwa sauti moja na kuishia kwa nyingine. Ni lazima basi sauti kadhaa za Kiingereza zirundikane katika irabu moja ya Kiswahili, na ndiyo maana katika vinywa vya wengi wetu "cat", "cut" na "cart" hutoka kwa "a" moja, "full" na "fool" hutoka kwa "u" moja, na meli na kondoo, yaani "ship" na "sheep", hushindwa kutofautishwa. Mwanafunzi anaweza kusoma maelezo ya tofauti hizi mwaka mzima na bado asizisikie. Anachohitaji ni maandishi ambayo yataharibika mbele ya macho yake akikosea, na hapo ndipo limeriki inapoingia.

Limeriki ni shairi la mistari mitano ambalo jina lake linahusishwa na mji wa Limerick nchini Ireland. Mstari wa kwanza, wa pili na wa tano hubeba kina kimoja na mapigo matatu kila mmoja, ilhali wa tatu na wa nne ni mifupi, ina mapigo mawili mawili na kina chake cha pekee. Umbo hili lilikuwepo kabla ya Edward Lear, lakini ni yeye, mchoraji na mshairi wa Kiingereza, aliyelipa umaarufu kwa kitabu chake cha mashairi ya upuuzi cha mwaka 1846. Hii hapa limeriki niliyoitunga kwa ajili ya zoezi la irabu mbili tu, na inaweza kusomwa na mtu yeyote aliyewahi kupanda boti ya Unguja siku ya bahari chafu:

There was a fat goat on a ship
That was seasick the whole of the trip;
It lay down by a sheep
And fell soundly asleep
With its ticket still stuck to its lip.

Kisa chenyewe ni cha mbuzi mnene aliyechafukwa na bahari safari nzima, akajilaza kando ya kondoo na kulala fofofo huku tiketi yake ikiwa imeganda mdomoni. Sasa isome kwa sauti kwa kutumia "i" yetu ya Kiswahili katika kila mstari. Utasikia kwamba "ship", "trip" na "lip" zimefanana na "sheep" na "asleep", kwamba mistari yote mitano imepata kina kimoja, na kwamba umbo la limeriki, ambalo uhai wake ni ule upishano wa vina katikati, limepotea. Hahitajiki mwalimu wa kukuambia umekosea. Shairi limekwisha kukuambia.

Marekebisho yanapaswa kuanzia upande wa "ship", kwa sababu irabu ya "sheep" inakaribia sana "i" tuliyo nayo tayari na inataka kurefushwa kidogo tu. Irabu ya "ship" si toleo fupi la hiyo hiyo, kama wengi wanavyofundishwa. Ulimi hushuka kidogo, midomo hulegea, na sauti inayotoka huwa mahali fulani kati ya "i" na "e" zetu. Neno la kupimia ni "seasick" katika mstari wa pili, kwa kuwa limebeba irabu zote mbili zikifuatana: anayeweza kulitamka kwa namna ambayo nusu ya kwanza haifanani na nusu ya pili ameshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Tazama pia "ticket". Tiketi yetu ina silabi tatu na mkazo uko kwenye "ke". Ya Kiingereza ina silabi mbili na mkazo uko mwanzoni, na haina irabu ya kumalizia. Katika jambo moja, angalau, msemaji wa Kiswahili anaanza akiwa mbele ya wanafunzi wengi wa mataifa mengine: sauti zilizomo katika "there" na "thin", ambazo Mfaransa huhangaika nazo, sisi tunazo katika "dhahabu" na "thelathini", mradi tu tusizigeuze kuwa "z" na "s".

Mizani ni habari ngumu zaidi. Katika shairi letu la kawaida mshororo una mizani 16, minane huku na minane kule, na kila silabi inahesabiwa sawa na mwenzake. Haki hiyo ya silabi imo katika usemi wetu wa kila siku pia: silabi ya mkazo huinuliwa kidogo, lakini nyingine hazimezwi, na irabu zake hubaki kamili. Kiingereza kina mpangilio mwingine kabisa, ambao hupima mstari kwa idadi ya mapigo na kuziacha silabi zilizo kati ya mapigo zibanane zinavyoweza. Chukua sentensi tatu ambazo mtu angeweza kuzisema akiwa amesimama soko la samaki la Feri, nazo nimeziandika kwa herufi kubwa mahali penye pigo:

MEN SELL FISH.
The MEN will SELL the FISH.
The MEN have been SELLing the FISH.

Ya kwanza ina silabi tatu, ya pili sita na ya tatu nane, lakini zote tatu zina mapigo matatu, na msemaji mzawa huzisema kwa muda usiotofautiana sana. Wataalamu waliopima usemi kwa mitambo wamebaini kwamba nafasi kati ya mapigo hazilingani kwa usahihi kama vitabu vya zamani vilivyodai, kwa hiyo mtu asije akakaa na saa mkononi. Kilicho hakika ni kwamba silabi zisizo na pigo hufupishwa, na irabu zake hufifia na kuwa sauti moja dhaifu ya katikati ya kinywa, ambayo wanaisimu huiita shwa. Hiyo ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko nyingine zote katika Kiingereza, na Kiswahili hakina. Mtu anayetamka "have been" kwa ukamilifu ule ule anaolitamkia neno "samaki" hakosei sarufi, lakini anampelekea msikilizaji mapigo matano au sita mahali alipotarajia matatu, na msikilizaji hajui tena ni neno gani alishike.

Kwa zoezi la mapigo ninapendekeza limeriki yenye majina yetu wenyewe mwishoni mwa mistari:

A young tailor who lived in Mbagala
Fell asleep on the last daladala;
When he woke with a shout
As they bundled him out,
He'd gone home and come back to Ilala.

Huyu ni fundi cherehani kijana, mkazi wa Mbagala, aliyesinzia kwenye daladala ya mwisho. Alipozinduka kwa kelele wakati wanamtoa nje, alikuwa amekwisha kufika kwao na kurudishwa tena Ilala. Faida ya majina haya ni kwamba mkazo wake hauna mjadala. Kila konda anayenadi safari hutamka MbaGAla, na hakuna mkazi wa jiji anayehitaji kamusi kujua kwamba ni dalaDAla na iLAla. Pigo la tatu la mistari mirefu limejiweka lenyewe, na msomaji anaweza kuelekeza nguvu zote kwenye mapigo mawili yaliyotangulia na kwenye maneno madogo yaliyobanwa kati yake. Mstari wa kwanza una TAI, LIVED na GA; wa pili una SLEEP, LAST na DA; wa tatu WOKE na SHOUT; wa nne BUN na OUT; wa mwisho HOME, BACK na LA.

Njia ya kulisoma ni kuanza na maneno ya mapigo peke yake, ukipiga meza kwa kiganja katika kila moja, kabla ya kuongeza mengine yote. Mapigo yakishakaa, ingiza maneno madogo bila kuruhusu mkono ubadilishe mwendo. Hapo utagundua kwamba "as they" haiwezi kutamkwa kwa ukamilifu, kwa kuwa nafasi haipo. Kwamba "him" inapoteza "h" yake. Na kwamba "and" katika mstari wa mwisho inabaki "n" tupu. Watu wengi huona huko kumeza maneno kuwa uvivu au majivuno ya wanaojifanya Wazungu. Si kweli hata kidogo, kwa sababu ndivyo lugha yenyewe ilivyo hata katika kinywa cha hakimu au mtangazaji makini, na shairi linamlazimisha msomaji kufanya hivyo bila kumpa nafasi ya kubishana. Mwalimu Mmarekani Carolyn Graham, aliyefundisha Kiingereza kwa wageni, aliufuata mkondo huo mwaka 1978 alipochapisha mkusanyo wa vibwagizo vya mazungumzo ya kawaida vinavyotamkwa kwa mapigo ya muziki wa jazi, na walimu wa nchi nyingi wameendelea kuvitumia.

Yuko pia mwamuzi wa tatu, ambaye ni utani wenyewe. Kichekesho cha limeriki ya fundi kimo katika kukutana kwa HOME na BACK: alifika nyumbani, kisha akarudi. Msomaji anayeyatilia uzito maneno "gone" na "come" ameyatamka maneno yote, pengine hata kwa irabu safi, lakini ameufukia utani, na msikilizaji atamtazama tu. Ukosefu wa kicheko unakuwa taarifa. Katika mazungumzo ya kawaida mgeni asiyekuelewa huenda akatabasamu kwa adabu na kukuacha gizani usijue umekwama wapi, ilhali mtu aliyesimuliwa kichekesho hawezi kuficha kwamba hakukipata.

Kicheko kina upande wa pili ambao kwa jiji hili una uzito wake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hukuta, anapoingia kidato cha kwanza, kwamba masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi somo la kwanza analolipata darasani ni kwamba anayekosea huchekwa. Anajifunza kunyamaza. Hata mtu mzima anayejaribu kumwaga ung'eng'e, kama vijana wanavyosema, hujikuta akipima kwanza ni nani wanaomsikiliza. Shairi la upuuzi linahamisha kicheko hicho. Watu wanamcheka mbuzi mwenye tiketi mdomoni na fundi aliyepitilizwa, na msomaji anakuwa mleta kicheko badala ya kuwa sababu yake. Utamaduni wetu unaujua vizuri utaratibu huo: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na chini ya mwavuli wa utani huambiana mambo ambayo nje yake yangekuwa matusi. Vilevile hakuna mtoto aliyeona haya kuchapia kitanzandimi, kwa kuwa kuchapia ndiko kunakofanya mchezo uwe mchezo.

Lear mwenyewe, nikiruhusiwa kumkosoa mtu aliyewahi kumfundisha Malkia Victoria kuchora, hakuutumia vizuri mstari wa tano. Mara nyingi aliumaliza kwa neno lile lile aliloumalizia mstari wa kwanza, na limeriki yake ikarudi ilikotoka bila kishindo. Watunzi waliomfuata waliufanya mstari huo kuwa mahali pa kustukiza. Kwa anayeanza kujifunza, hata hivyo, kasoro ya Lear ni msaada, maana humpunguzia neno moja la kutafutia kina, na mtu anayetaka kutunga limeriki yake ya kwanza ya Kiingereza hatakosea akimfuata mzee huyo.

Vina vina kazi nyingine iliyo nje ya irabu, nayo ni kuonyesha mahali tahajia ya Kiingereza inapodanganya. William Caxton alianzisha kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476, na vitabu vilivyochapwa vikaanza kuyagandisha maandishi wakati ambapo matamshi yalikuwa katikati ya mageuzi makubwa; takriban kati ya mwaka 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama moja baada ya nyingine. Maandishi yakabaki nyuma kama kumbukumbu ya lugha isiyosemwa tena. Mtu aliyezoea Kiswahili, ambacho husomwa kama kilivyoandikwa, huingia katika mtego huu kwa imani kamili. Mishororo miwili inatosha kumwonyesha:

I bought some dough, it made me cough;
The crust was tough, I broke it off.

Ndani yake yamo maneno manne yenye herufi "ough", na hakuna mawili yanayosomeka sawa. La kwanza lina "o" ndefu inayofuatwa na "t", la pili linaishia kwa sauti inayokaribia "ou", la tatu linasikika karibu na "kof" na la nne karibu na "taf". Kina ndicho kinachotoa siri: "off" haina utata, kwa hiyo "cough" inayofanya nayo kina imejieleza. Mholanzi Gerard Nolst Trenité aliifikisha mbinu hii kwenye kilele chake mwaka 1920, alipoambatanisha na kitabu chake cha matamshi shairi refu la mzaha lililokusanya mamia ya maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa macho na kutofautiana kwa sikio. Ni shairi la kujipima kwa mtu aliyekwisha kupiga hatua. Anayeanza akikabidhiwa lote kwa siku moja atatoka akiamini kwamba Kiingereza hakina kanuni yoyote, jambo ambalo si kweli.

Zana hii ina mipaka yake. Vina hutegemea lafudhi, na kilicho kina London huenda kisiwe kina Chicago. Kwa Mwingereza wa kusini "Ilala" inaweza kufanya kina na "parlour", kwa kuwa haitamki "r" ya mwisho, lakini Mmarekani anayeitamka atashangaa. Mashairi ya kale nayo hubeba vina vilivyokufa: katika karne ya 18 mshairi aliweza kulipatanisha "join" na "line", na anayeyasoma leo kama mwongozo wa matamshi atapotoka. Kuna pia vina vya macho tu, kama "love" na "move", vinavyovumiliwa katika ushairi ingawa havipatani mdomoni. Kila neno lenye shaka linapaswa kusikilizwa kwenye kamusi ya sauti, ambayo siku hizi hupatikana bure kwenye simu, kabla ya kukaririwa, kwa kuwa kosa lililokaririwa pamoja na kina chake hung'ang'ania kuliko kosa la kawaida.

Hatari ninayoiogopa zaidi inatokana na uzuri wa jadi yetu. Mpe Mswahili ubeti, naye ataughani. Ngonjera za shuleni zimetuzoesha kupandisha sauti, kuvuta irabu ya mwisho na kuyumba pamoja na mshororo, na limeriki ikighaniwa hivyo inageuka kuwa wimbo mtamu usio na uhusiano wowote na kuzungumza. Irabu inayovutwa ndiyo ile ambayo Kiingereza kilitaka ifupishwe. Kwa hiyo msomaji akishaliweza shairi kwa mapigo, inampasa alisimulie tena kana kwamba anampa mwenzake habari iliyotokea jana, bila kupiga meza na bila kupumzika mwisho wa kila mstari, huku mapigo yakibaki mahali pake. Kurekodi sauti kwa simu husaidia sana hapa, maana mghani hujisikia akizungumza hadi atakapojisikiliza. Wenye marafiki wa kufanya nao zoezi wanaweza kutumiana sauti hizo na kumwomba anayepokea aandike alichosikia. Akiandika "sheep" mahali pa "ship", hakuna haja ya maelezo zaidi.

Ifahamike pia kwamba lengo si kuifuta lafudhi ya Kitanzania. Mtu wa Dar es Salaam anayezungumza Kiingereza kinachotambulika kuwa cha Dar es Salaam hana deni kwa yeyote, mradi anayesikiliza, awe ametoka Mumbai au Manchester, anaelewa bila kuomba kurudiwa. Zipo sauti ambazo tukizikosa hakuna anayepotea njia, na zipo tofauti chache, kama zile za mbuzi na kondoo wetu na za mahali pa mkazo, ambazo zikikosekana mazungumzo hukwama. Ni hizo chache zinazostahili jasho.

Hatua ya mwisho, ambayo wengi huiruka, ni kuyahamishia mapigo kwenye sentensi za kazi. Mhudumu wa mapokezi achukue maneno anayoyasema kila siku, kwa mfano "I'll be WITH you as SOON as I CAN", na kuyalinganisha na mstari wa pili wa limeriki ya mbuzi, "That was SEAsick the WHOLE of the TRIP". Mapigo ni yale yale matatu, na silabi nyepesi ni mbili mbili kabla ya kila pigo. Karani wa bandarini ana "We'll be OPen aGAIN in the MORNing", ambayo inakaa sawasawa juu ya mstari wa fundi wa Mbagala, pamoja na ile silabi moja nyepesi inayobaki mwishoni. Kila mmoja atafute sentensi zake mwenyewe, aziseme zikifuatana na mstari wa shairi zinazofanana nao, kisha auondoe mstari wa shairi na kuibakiza sentensi.